Siku Tisa Bila Kuitwa Sista

Mama yule aliniuliza mara ya tatu kama ningeweza kumpima mtoto wake joto tena. Ilikuwa saa kumi alfajiri. Wodi ya watoto ilikuwa na vitanda ishirini na watoto zaidi ya thelathini, wengine wamelazwa wawili wawili, na mimi nilikuwa nimeinama natafuta mshipa wa mtoto aliyeishiwa maji hata mishipa imejificha. Nikamgeukia nikamwambia, "Mama, unadhani ni wewe peke yako uliye na mtoto hapa?"

Hakunijibu. Alirudi akakaa ukingoni mwa kitanda, akamfunika mwanawe leso, akanyamaza hadi zamu yangu ikaisha. Mtoto alipata nafuu, wakaruhusiwa kwenda nyumbani siku ya nne. Mimi nilibaki na ule unyamavu wa mamake.

Nimekuwa muuguzi kwa miaka kumi na sita, yote Kisumu. Jina langu ni kama halipo tena. Wodini ni Sista, soko la Kibuye ni Sista, kwenye matatu za Kondele ni Sista, na jirani akiungua mkono usiku wa manane hubisha mlango akiita Sista. Kazi hii naipenda na bado naipenda. Lakini mwaka ule nilikuwa na dalili ambazo ningeziona kwa mgonjwa ningemwita daktari: nalala naamka nimechoka, nakula bila kujua nimekula nini. Lililonitisha zaidi ni hili: mtoto akilia, nilikuwa nasikia kelele tu. Kilio chenyewe, ile sauti inayomfanya mtu mzima ainuke kabla hajafikiri, sikuwa naisikia tena.

Nilikuwa na siku za likizo zilizolimbikizana. Nikaamua kwenda Turkana, kaskazini mwa Kenya, peke yangu.

Anayefanya kazi ya serikali ataelewa kwa nini uamuzi huo uliwashangaza wenzangu. Tangu nianze kazi, kaskazini ilikuwa kitisho. Ukikosana na mkubwa wako, unaambiwa, "Endelea hivyo hivyo, utajikuta Lodwar," mji mkuu wa Turkana. Na kitisho hicho hakikuanza na sisi. Mkoloni ndiye aliyeigeuza nchi ile kuwa jela. Baada ya kesi ya Kapenguria, Jomo Kenyatta na wenzake walifungwa Lokitaung, kaskazini kabisa, na mwaka 1959 Kenyatta akahamishiwa Lodwar akae chini ya ulinzi. Walichagua huko kwa sababu waliamini hakuna kitu. Lakini mmoja wa wasichana niliosoma nao uuguzi alipelekwa Lodwar akilia, na miaka miwili baadaye alipopewa uhamisho arudi Nyanza aliukataa. Nilipompigia simu kumuuliza sababu, alisema, "Huku usiku mtu analala." Maneno hayo nilikaa nayo miaka mingi.

Mama yangu hakupinga kwa ukali. Alikuwa anachambua omena kwenye uteo, akauliza bila kuinua kichwa, akiniita binti yangu kwa Dholuo, "Nyara, mtu huenda kwa watu. Wewe huko unaenda kwa nani?"

Sikuwa na jibu. Watoto nikamwachia dada yangu, nikapanda matatu ya Kitale.

Watu husema unapanda kaskazini, lakini barabara ile inashuka. Kisumu iko mita elfu moja na mia moja na kitu juu ya usawa wa bahari. Unapanda Kakamega, Webuye, mpaka baridi ya Kitale, halafu Makutano ya Kapenguria ambako niliona watu wamevaa koti saa nne ya asubuhi. Baada ya hapo unaanza kuteremka na huachi kuteremka. Ziwa Turkana lenyewe liko kama mita 360 tu juu ya bahari.

Nililala Kitale, na alfajiri, kabla gari halijajaa, Mlima Elgon ulionekana wote bila wingu. Mzee mmoja wa Kipokoti aliyekaa kando yangu alinieleza jambo ambalo sikuwahi kulifundishwa shuleni. Mlima ule, alisema, unanywesha maziwa mawili. Mito ya upande mmoja huingia Nzoia, na Nzoia hushuka mpaka Budalang'i na kuingia Ziwa Viktoria, hayo ndiyo maji ya kwetu. Upande wa pili hutoka mto Suam, ambao mbele huitwa Turkwel, unapita kwenye bwawa la umeme lililokamilika 1991 na kuishia Ziwa Turkana. Maji yetu yana bahati ya kuendelea: yanatoka Jinja kwa mto Nile hadi Misri. Maji ya Turkana hayana pa kutokea. Mto mkubwa wa Omo kutoka Ethiopia huleta karibu asilimia tisini ya yote yanayoingia, na njia ya kutoka ni jua peke yake. "Ndiyo maana ni machungu," mzee akasema. Nilitazama nje ya dirisha muda mrefu baada ya hapo. Ziwa linalopokea tu bila kutoa, nilikuwa nalijua kabla sijaliona.

Niseme kuhusu usalama, maana wanawake wenzangu huniuliza hilo kwanza. Sikusafiri usiku. Kati ya Kainuk na Lokichar barabara imewahi kumwaga damu miaka mingi kwa sababu ya wizi wa mifugo na ujambazi, na Februari 2023 serikali ilituma jeshi kuwasaidia polisi katika kaunti kadhaa za Bonde la Ufa, Turkana na Pokoti Magharibi zikiwamo. Kwa hiyo usiwaulize jamaa zako walio Kisumu kama njia ni salama. Waulize madereva wa Kitale, asubuhi ile ile ya safari, na uwaulize wawili ambao hawajuani. Mimi niliulizia hivyo, nikaambiwa njia ni shwari, na ikawa shwari. Wangeniambia ningoje, ningengoja.

Ukitoka kwenye magenge ya Marich, milima inaachana ghafla na mbele ni uwanda hadi macho yachoke. Migunga mifupi, laga, yaani mito ya msimu, zilizokauka, vichuguu virefu kuliko mtu, na mathenge, ule mti wa miiba uliopandwa kuzuia jangwa na sasa hauzuiliki wenyewe. Hewa inaingia dirishani kama ya jikoni. Abiria walianza kunyamaza mmoja mmoja, nami simu yangu ikapoteza mtandao. Kwa kawaida ningeshtuka. Siku hiyo niliizima kabisa.

Lodwar sikukaa. Kesho yake nilipata nafasi kwenye gari la probox hadi Kalokol, kama kilomita sitini, na dereva alisimama kwenye mawe ya Namoratunga bila kuombwa. Ni nguzo za mawe meusi zilizosimamishwa kando ya barabara, kumi na tisa, zimeinama huku na huku. Wanaakiolojia wanasema ni kazi ya wafugaji walioishi hapo kama miaka elfu tano iliyopita. Wenyeji wana yao: kwamba hao walikuwa watu wakicheza ngoma, akaja mgeni, akawaonya wasimcheke, wakamcheka, wakageuka mawe walipokuwa. Dereva aliokota kokoto akaiweka juu ya nguzo moja, nami nikafanya vilevile. Nilisimama pale nikimfikiria yule mama wa wodini, jinsi alivyoniuliza kwa adabu mara tatu.

Kalokol nilipata chumba kwa mjane mmoja mwenye duka, kitanda cha kamba na chandarua, na binti yake wa kidato cha tatu akawa mkalimani wangu. Yeye ndiye aliyenifundisha kusema ejoka kumjulia mtu hali, na alakara kushukuru. Wenyeji hawakunihoji nafanya nini. Waliniita mgeni wa Kisumu, basi.

Ziwa wenyewe huliita Anam Ka'alakol, ziwa la samaki wengi. Wazungu walipolifikia mwaka 1888 walilipa jina la mwana wa mfalme wao, Rudolf, na likaitwa hivyo kwenye ramani hadi 1975. Picha hazisemi kweli kuhusu rangi yake. Asubuhi ni ya kahawia kando na buluu katikati, jua likipanda inakuwa kijani cha kobe mchanga, na upepo ukikolea inageuka kila unapopepesa jicho. Na upepo haukosi. Unaanza usiku, unapiga paa la bati mpaka asubuhi, na usiku wa kwanza nilidhani sitalala. Nililala saa kumi na moja mfululizo.

Pwani nilikutana na mzee mvuvi akishona wavu. Aliposikia natoka Kisumu alifurahi kama aliyekutana na shemeji. Alisema alipokuwa kijana, miaka ya sitini, walikuja wavuvi Wajaluo kuwaonyesha watu wa hapo kutumia nyavu kubwa, na mpaka leo anakumbuka maneno mawili matatu ya Dholuo. Akanionyesha mbuta mkubwa aliyelala mtumbwini. Nikamwambia kwetu mbuta ni mgeni. Aliletwa katika ziwa letu miaka ya 1950 na 1960, akawamaliza samaki wengi wadogo tuliowajua, halafu akageuka kuwa biashara ya kusafirisha ng'ambo. Mzee akashangaa kweli. "Hapa," akasema, "huyu ni wa kuzaliwa. Na ziwa halijaisha." Hatua chache kutoka hapo lipo jengo la kiwanda cha kugandisha samaki kilichojengwa kwa msaada wa Norwe mwanzoni mwa miaka ya themanini, ambacho karibu hakikufanya kazi kabisa kwa sababu kugandisha samaki katika joto lile kulikula umeme na fedha kuliko samaki wenyewe. Akina mama wanaendelea kukausha samaki juani, bure, kama zamani.

Siku ya nne nilifanya kosa. Niliamka na nguvu ambazo sikuwa nazo kwa miezi, nikaamua kutembea ufukweni peke yangu hadi penye mikoma niliyoiona kwa mbali. Nilibeba lita mbili za maji. Nikaanza saa mbili na nusu, na hilo lilikuwa kosa la kwanza, maana huko kazi ya jua huanza mapema. Kosa la pili nilipaswa kulijua kuliko mtu yeyote. Kisumu ukitoka jasho unalowa, unajua unapoteza maji. Turkana upepo mkavu hukunyang'anya jasho kabla hujaliona. Ngozi inabaki kavu, unadhani uko sawa, na mwili unaisha. Saa tano nilikuwa nimemaliza maji yote, kichwa kinagonga, na nikaanza kuhisi baridi. Nilipohisi baridi nilijua. Nikaenda nikijikokota hadi kwenye kivuli cha mkoma wa kwanza, nikalala chini.

Nilipofumbua macho alikuwa amechutama mbele yangu mama mmoja mzee, shanga shingoni hadi kidevuni, kichwa kimenyolewa pande zote. Hakupiga kelele, hakuita watu. Alininywesha maji kidogo kidogo kwa kikombe cha bati, maji yenye chumvi kidogo ya kisima kilichochimbwa mchangani, akinizuia mkono nilipotaka kugugumia. Alilowesha kipande cha shuka akakiweka shingoni mwangu, kingine kwapani. Akanifungua viatu. Kila alichokifanya ndicho ningekifanya mimi, kwa mpangilio ule ule, na mimi sikuweza kufanya hata kimoja. Baadaye akaleta chai ya maziwa ya mbuzi yenye sukari nyingi mno, akanishika kisogo nikanywa.

Kisha alikaa. Alikuwa na samaki wake wa kugeuza, na alikwenda akawageuza, akarudi akakaa tena. Hatukuwa na lugha moja ila yale maneno mawili niliyofunzwa. Hakuniuliza kitu. Nafikiri tulikaa hivyo karibu saa tatu. Katikati ya muda huo nikaanza kulia, na aliponiona nalia aliinua mkono akanikung'utia mchanga begani, akauacha mkono pale pale.

Kwa miaka kumi na sita sikuwa nimeguswa hivyo. Namaanisha kuguswa na mtu ambaye wakati huo hakuhitaji chochote kutoka kwangu. Na niligundua jambo la aibu: sikujua namna ya kulala tu nikahudumiwa. Kila dakika mwili wangu ulitaka kuinuka umshukuru, umlipe, umsaidie na samaki. Ilibidi nijizuie kwa nguvu, kama mtu anayejifunza kuelea majini.

Jioni binti wa mwenye nyumba alikuja kunitafuta. Kupitia kwake nikamuuliza mama yule nimpe nini. Akasema tumbaku. Sikuwa nayo, na noti nilizomwonyesha alizirudisha mkononi mwangu. Asubuhi yake nilimpelekea tumbaku, majani ya chai na kilo mbili za sukari. Akaipokea tumbaku kwanza, akaitia kinywani papo hapo, akanionyesha mahali pa kukaa. Tulibadilishana majina. Lake silitaji hapa, kwa kuwa sikumwomba ruhusa.

Siku zote zilizobaki nilikuwa nikienda kwake alfajiri na kuondoka kabla ya saa tatu, halafu jioni tena. Nilimsaidia kugeuza samaki. Alinifundisha kusuka ukili wa mkoma, nami nilikuwa mzito wa vidole na alivifumua nilivyosuka bila huruma. Wajukuu wake walikuwa na meno yenye madoa ya kahawia, na nilijua ni madini ya floridi yaliyo mengi katika maji ya nchi ile. Ulimi uliniwasha nianze kutoa somo. Nikanyamaza. Maji mengine wangeyatoa wapi?

Siku ya saba mjukuu mmoja, wa miaka kama mitatu, alikanyaga mwiba wa mathenge. Uliingia ukakatikia ndani ya kisigino. Nikamwambia binti amwambie nyanya kwamba nafanya kazi hospitalini, naomba niutoe. Nikachemsha sindano. Nyanya akampakata mtoto, akamwimbia kwa sauti ya chini, mimi nikakishika kisigino kile kidogo chenye vumbi na kuanza kuuchokonoa. Mtoto alilia.

Nami nilimsikia. Kilio kile kilinipita kifuani moja kwa moja kama zamani, kama mwaka wangu wa kwanza kazini. Mkono haukutetemeka, mwiba ukatoka mzima. Niliinuka nikatembea hadi majini nikanawa uso, na nilikawia huko.

Niliporudi Kisumu nilimpa mama kikapu kidogo cha ukili wa mkoma. Akakinusa, akasema kina harufu ya samaki asiyemjua. Nikamwambia sasa najua nilikuwa naenda kwa nani, nikamsimulia yote. Aliniuliza kama yule mama ana binti wa kumtekea maji. Nikamwambia anao wawili. Akaridhika.

Sitaki mtu aninukuu vibaya. Safari haikuongeza muuguzi hata mmoja wodini kwetu. Nilikuta watoto ni wale wale thelathini, na uchovu wangu haukuletwa na kukosa mandhari. Wapo wenzangu wasioweza kupata hata siku mbili, wala nauli ya Kitale, na sithubutu kuwaambia dawa iko jangwani. Ninachoweza kusema ni kwamba niliporudi niliomba vitu viwili ambavyo sikuwahi kuviomba: zamu za usiku zipunguzwe hadi mwezi uishe, na mtu wa pili tunapotafuta mishipa ya watoto walioishiwa maji. La kwanza nilikataliwa. La pili lilikubaliwa siku hiyo hiyo, na mpaka leo sielewi kwa nini nilingoja miaka yote hiyo.

Wiki ya tatu nilikuwa kliniki ya marudio. Foleni ilifika hadi mlangoni. Nilimtambua kwa leso yake kabla ya uso: yule mama, mtoto mgongoni, amenenepa, anavuta hereni ya mamake. Nilimwachia mwenzangu meza, nikaenda nikakaa kando yake kwenye benchi. Nikamwambia, "Mama, usiku ule uliniuliza kitu, na nilikujibu vibaya. Naomba unisamehe."

Alinitazama. Kisha akasema, "Sista, ulikuwa umechoka. Sote tulikuwa tunakuona."

Akamfungua mtoto mgongoni, akanipa. "Nishikie kidogo," akasema, "nikanunue maji."

Nikamshika.